Kwa Nini Daktari Anaomba Kumpima Marehemu

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka polepole.)

  

Habari ya leo ni nzito kidogo. Tunazungumza juu ya mtu aliyefariki hospitalini, na juu ya daktari anayewafuata jamaa zake na kuwaomba ruhusa ya kuupima mwili kabla haujazikwa. Kama nyumbani kwako kuna msiba na unaona leo moyo hauwezi, zima redio, hakuna atakayekulaumu. Karatasi utaipata kwa mwenyekiti wa kijiji chenu siku utakayokuwa tayari.

Tunaileta habari hii kwa sababu vijana wengi wanatoka makambini kutafuta maisha mijini. Wengine wamefika Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Wengine wamefika Mbale, chini ya mlima Elgon. Wakiugua huko, wanaugulia huko. Wakifa huko, simu inakuja huku, na watu wanaanza kuchanga pesa za gari kabla hata ya kuuliza ndugu yao amekufa kwa nini.

Tuchukue mfano. Si mtu fulani, usianze kuhesabu majirani. Kijana ametoka kambini, amekata miwa Busoga mwaka mmoja, kisha amehamia Mbale na kupanga chumba kimoja mtaa wa Nkoma. Ndani ya chumba hicho wamo mke wake, watoto wawili na shemeji yake. Anakohoa mwezi wa kwanza, ananunua dawa ya kikohozi dukani. Anakohoa mwezi wa pili, anakonda, usiku shuka linalowa jasho. Anapofika hospitali amechelewa. Wanamlaza, wanamwanzishia dawa za kifua kikuu, zile za kawaida, na baada ya siku tisa anafariki. Jamaa wanafika. Wanataka mwili. Ndipo daktari anawaita pembeni na kuwaambia: tunaomba ruhusa tumpime.

Mtu wa kwanza kujibu huwa ni mjomba. Anasema: "Mlikuwa naye siku tisa hamkujua anaumwa nini, sasa mnataka kujua akiwa maiti?"

Ni swali la haki. Linastahili jibu, si kugombezwa. Tujaribu kulijibu.

Kifua kikuu, hiki tunachokiita TB, kinaletwa na bakteria. Kwa kawaida kinapona. Dawa ni za miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za aina 4, miezi 4 inayobaki aina 2. Dawa mbili zilizo nguzo ya matibabu hayo ni isoniazidi na rifampisini. (Rifampisini ndiyo ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa, watu wakadhani wanakojoa damu.) Bakteria ambaye dawa hizo mbili hazimwui tunamwita sugu. Mgonjwa wa TB sugu anameza vidonge kila asubuhi kama wenzake, anafuata kila alichoambiwa, lakini ugonjwa unaendelea kumla ndani. Na akikohoa, anayevuta ile hewa anaweza kupata TB ambayo ni sugu tangu siku ya kwanza.

Hapo pana jambo moja ambalo wengi hatulijui. Tumezoea kusema mwenye TB sugu aliruka dawa, alikunywa pombe, alikuwa mkaidi. Ni kweli kwamba kuacha dawa katikati kunazalisha usugu. Hapa Uganda, uchunguzi wa taifa zima uliofanywa kati ya 2009 na 2011 ulionyesha kwamba usugu wa dawa hizo mbili ulikuwa kwa asilimia 1.4 ya wagonjwa wapya, lakini kwa wale waliowahi kutibiwa TB huko nyuma ulifika asilimia 12.1. Tofauti ni kubwa. Lakini ile asilimia 1.4 nayo ni watu. Hawajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha TB. Waliipokea kutoka kwa mwingine ikiwa tayari sugu, kama unavyopokea sarafu mbovu kwenye chenji.

Sasa turudi kwa mjomba. Inawezekanaje mtu alale hospitali siku tisa na ugonjwa wake usijulikane vizuri? Inawezekana, na si lazima iwe uzembe. Kipimo cha TB kinategemea makohozi. Mgonjwa aliyeishiwa nguvu hawezi kukohoa kitu cha maana kwenye kikopo. Mtoto mdogo anayameza. Na kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi, TB mara nyingi haikai kifuani peke yake: inaingia kwenye ini, kwenye bandama, kwenye tezi, kwenye ubongo. Unapima makohozi, unaambiwa hakuna kitu, kumbe ugonjwa upo tumboni.

Madaktari wenyewe walitaka kujua ni mara ngapi wanapitwa. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, kati ya Mei na Septemba 2009, walifanya uchunguzi kamili wa maiti 53 kutoka wodi moja. Kwa marehemu waliokuwa na virusi vya Ukimwi, TB iliyosambaa mwilini ndiyo iliyoongoza: iliua asilimia 37 yao. Kisha wakafungua mafaili na kulinganisha. Kati ya magonjwa yote yaliyoonekana kwenye miili hiyo ya wenye virusi, asilimia 45 hayakuwa yamefikiriwa kabisa mgonjwa alipokuwa hai. Hayakuandikwa popote, hata kwa alama ya kuuliza.

Huko Lusaka, Zambia, kwenye hospitali ya chuo kikuu, walifanya kazi kama hiyo na kuitangaza mwaka 2015. Miili 125. Waliokutwa na TB walikuwa 78. Kati ya hao 78, watu 20 walikufa bila mtu yeyote kujua kwamba wana TB. Na 13 walikuwa na TB sugu ambayo haikujulikana walipokuwa hai.

Nakuomba usimame kidogo kwenye hao 13. Kila mmoja alikuwa na kitanda nyumbani. Alikuwa na mtu aliyelala karibu naye, mtoto aliyembeba, rafiki aliyekaa naye kwenye basi. Bila ule uchunguzi, watu hao wote wangeambiwa kwamba amekufa kwa "kifua" na basi.

Afrika Kusini, katika jimbo la KwaZulu-Natal, madaktari hawakufungua mwili wote. Walitumia sindano kuchukua vipande vidogo vya nyama ya ndani, pamoja na majimaji ya njia ya hewa. Marehemu 240, watu wazima wa miaka 20 hadi 45. Nusu yao walikutwa na bakteria wa TB walio hai. Na kila walipomwotesha bakteria huyo maabara, asilimia 17 alikuwa sugu kwa dawa zote mbili. Hata kati ya wale waliokufa wakiwa kwenye dawa za TB kwa mara ya kwanza maishani, asilimia 16 walikuwa na TB sugu. Hawa hawakuwa wamewahi kutibiwa TB huko nyuma. Kwa hiyo shangazi anayesimama msibani na kusema "huyu alijiua mwenyewe kwa kuruka vidonge", anaweza kuwa anamsingizia marehemu.

(Muziki mfupi.)

Tuache hesabu, turudi kwenye kile chumba cha Nkoma. Mke, watoto wawili, shemeji. Kwa miezi miwili wamevuta hewa moja na mgonjwa, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi ya mlima.

Kama aliyefariki alikuwa na TB ya kawaida, wahudumu wa afya watawapima hao wanne. Atakayeonekana mgonjwa atapewa matibabu. Asiye mgonjwa, hasa mtoto mdogo, anaweza kupewa dawa ya kinga, na dawa hiyo mara nyingi ina isoniazidi ndani yake.

Lakini kama alikuwa na TB sugu, isoniazidi haitamkinga mtoto huyo. Utampa kila siku, kwa uaminifu, kitu kisichomsaidia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa nyingine kwa watu waliokaa na mgonjwa wa TB sugu, inaitwa levofloksasini, ya miezi 6. Kwa hiyo daktari wa Mbale anayeuliza juu ya mwili wa baba anauliza pia: huyu mtoto wa miaka 3 aliyebebwa mgongoni hapa, nimpe dawa gani?

Hilo ndilo jibu kwa mjomba. Mimi naliona linatosha. Wewe unaweza kuona tofauti, na ni haki yako.

Uchunguzi wenyewe unafanywaje? Daktari anayesomea maiti anaweza kufungua kifua na tumbo, kuangalia mapafu, ini, bandama na tezi, kuchukua vipande vidogo, kisha kushona. Mwili unarudishwa kwenu ukiwa umeshonwa na kufunikwa, na mnaweza kuuosha na kuuvika kama desturi yenu ilivyo. Njia ya pili ni ile ya sindano: matundu madogo tu, hakuna mpasuo. Nchi jirani ya Kenya, huko Kisumu na Siaya, njia hii imetumika kutafuta sababu za vifo vya watoto wadogo, familia zikikubali. Haioni kila kitu ambacho jicho la daktari lingeona, lakini kwa familia inayotaka kuzika siku hiyohiyo, kama ndugu zetu Waislamu, ni rahisi zaidi kuipokea.

Kipande kilichochukuliwa kinaweza kuingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, ileile inayopima makohozi. Kwa muda wa saa 2 hivi inasema kama kuna TB, na kama rifampisini inashindwa. Ina kasoro yake: inatambua mabaki ya bakteria hata kama amekwisha kufa. Mtu aliyekuwa anatibiwa na dawa zikafanya kazi, mashine bado inaweza kusema TB ipo. Kujua kama bakteria yu hai, na dawa zipi nyingine zinamshinda, lazima aoteshwe maabara, na hapo ni wiki kadhaa. Kazi hiyo inafanywa kwenye maabara kuu ya TB ya taifa, Kampala, ambayo tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeipa kazi ya kusaidia hata maabara za nchi nyingine. Sampuli za mikoani husafiri kwa mtandao wa pikipiki na magari, bila mwili kusafiri. Mwili mnabaki nao.

Kuna kitu kimoja kidogo kinachoharibu yote: fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Inaua bakteria. Nyama ikishalowekwa humo haioteshwi tena. Kwa hiyo kama familia inafikiria kukubali, sampuli zichukuliwe kabla mwili haujachomwa dawa kwa safari ndefu ya kurudi kambini. Mwambie wa chumba cha maiti mapema. Usisubiri gari lifike.

Sasa hofu. Ya kwanza ninayoisikia kila mahali ni kwamba wanachukua viungo kuuza. Sitakucheka, sisi tumetoka sehemu ambazo maiti zilifanyiwa mabaya tusiyotaka kuyasimulia mbele ya watoto. Lakini mapafu yaliyoliwa na TB hayana mnunuzi. Na unaweza kuuliza: mtachukua nini, kiasi gani, kitarudi au hakirudi? Unaweza kuomba mtu mzima mmoja wa familia azungumze na daktari kabla na baada. Usisaini karatasi usiyoielewa. Kama imeandikwa kwa Kiingereza na wewe unasikia Kiswahili tu, omba mtu wa kutafsiri, na kama hayupo, sema utasaini akipatikana. Uliza pia nani analipa, na ukisikia kuna gharama yoyote juu yako, jua kabla ya kukubali. Kukataa kunaruhusiwa, na kukataa kusiwafanye mnyimwe mwili. Pale tu ambapo kifo kina mashaka, kama mtu amepigwa au ameokotwa njiani, polisi ndio wanaoagiza uchunguzi, na hiyo ni habari nyingine.

Uliza na hili: majibu atapewa nani? Uchunguzi wa mwili unaweza kuonyesha virusi vya Ukimwi, na mjane hataki kuisikia habari hiyo ikisomwa mbele ya wakwe. Kubalianeni jina la mtu mmoja atakayepokea majibu, na namba yake ya simu iandikwe vizuri. Watu wa makambi tunahama na tunabadilisha laini, halafu majibu yanabaki kwenye droo.

Hofu ya pili: kwamba mwili wa mwenye TB unaambukiza, na anayeuosha atakufa. Hofu hii imeongezeka baada ya Ebola. Januari 2025 serikali ilipotangaza Ebola ya aina ya Sudan huko Kampala, Mbale nayo ilitajwa, na watu wakaanza kuogopa kila maiti inayotoka hospitali. Tutofautishe. Ebola iko kwenye damu na majimaji ya mwili, na mwili wa aliyekufa kwa Ebola ni hatari sana. Huo usiguse, waachie wenye mavazi maalumu. TB inasafiri kwa hewa ya mtu anayekohoa, anayeongea, anayeimba. Marehemu hakohoi. Ila mwili ukigeuzwa, hewa iliyobaki kwenye mapafu inaweza kutoka, kwa hiyo wanaoosha wafungue madirisha, wafunike pua na mdomo kwa barakoa, wavae glavu. Wanaotumia msumeno na kisu ndani ya chumba cha maiti ndio walio kwenye hatari zaidi, na hao wana kinga zao, au wanapaswa kuwa nazo.

Hofu ya tatu haisemwi kwa sauti. Ni aibu. Ikijulikana ni TB sugu, nani atakuja matanga? Nani atacheza na watoto? Huko Mayuge, si mbali na Jinja, kuna hospitali ya Buluba, iliyojulikana miaka mingi kwa wagonjwa wa ukoma na TB. Bakteria wa ukoma na wa TB ni kama mtu na binamu yake. Daktari mmoja mwanamke kutoka Poland, Wanda Błeńska, alifika pale mwaka 1951 na akafanya kazi zaidi ya miaka 40, na leo ukoma unatibika kwa vidonge. TB sugu nayo imebadilika. Zamani ilikuwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na sindano zilizowaacha wengine viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wagonjwa wengi wa kuanzia miaka 14, matibabu ya vidonge tupu, ya miezi 6. Kwenye vituo vya serikali dawa za TB hazilipiwi, hata kwa mkimbizi.

Mimi sisemi kila maiti ipasuliwe. Madaktari wa kazi hiyo ni wachache, na marehemu wengi wa Mbale na Jinja wanazikwa bila daktari kuomba chochote. Huenda wewe hutaulizwa kamwe. Basi hata hapo usiondoke mikono mitupu. Uliza wodini: je, makohozi yake yalipelekwa maabara? Yalipelekwa lini? Majibu yanaweza kufika baada ya mazishi, na yana thamani ileile kwa watoto wake. Omba karatasi inayoonyesha alipewa dawa gani na kwa siku ngapi. Ukirudi kambini, ipeleke kituo cha afya, au mwonyeshe VHT wa kijiji chenu, umwambie majina ya wote waliolala naye chumba kimoja. Yeyote kati yao anayekohoa wiki 2, anayetoka jasho usiku, anayekonda, au mtoto ambaye uzito hauongezeki, asisubiri matanga yaishe.

Mama mmoja aliandika swali wiki iliyopita: ndugu yake alizikwa Mbale miezi mitatu iliyopita, je, amechelewa? Hapana, mama. Kaburi usiligusе. Nenda na watoto wake wakapimwe wiki hii, na useme wazi pale kituoni kwamba baba yao alikufa akiwa anameza dawa za TB. Maneno hayo yawafanye wahudumu wafikirie usugu. Wasipoyafikiria, yarudie.

Maswali mengine yaandikeni, mpeni VHT, atayaleta studio. Kipindi hiki kinarudiwa kesho jioni baada ya taarifa ya habari.

(Muziki unapanda.)